Mchumba Ndani ya Ndoo

Sehemu ya Saba

Pikipiki tuliyoiacha wiki iliyopita ikizimwa mlangoni pa Ethel ilikuwa ya Fortunatus. Waliodhani ni ya polisi wamekosa, na waliosema ni ya mhariri wamekosa zaidi, maana mhariri yule hajui kuendesha hata baiskeli.

Fortunatus hakubisha hodi. Aliingia kinyumenyume kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Alikuwa amebeba ndoo kubwa yenye mfuniko. Akaitua juu ya meza ya kukatia vitambaa, juu kabisa ya sare za kwaya.

"Habari za kazi, Mama Oliva."

"Nzuri, Baba Optatus. Hiyo ni nini?"

"Mchumba wako."

Ethel akaondoa mguu kwenye cherehani.

Fortunatus akafunua mfuniko. Ndani yalikuwa maji, maangavu, yametulia kama yanasikiliza.

"Huyu ndiye uliyempenda," akasema. "Nimesoma mwenyewe gazetini. Kumbe mimi nilikuwa mshenga tu. Basi nimemleta. Oaneni."

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, nitaeleza kwa haraka, kisha tukimbie. Ethel ni mjane, mshonaji hapa Newala mjini, mzaliwa wa Lupaso. Fortunatus ni mgane, mkulima wa korosho wa Mnyambe. Ndoa yao imeshatangazwa kanisani mara ya kwanza. Tangazo la pili ni Jumapili hii.

Kila Jumatano Ethel huandika makala katika gazeti moja la Masasi, si hili ulilolishika. Huandika habari zake mwenyewe, na sharti lake ni moja: haandiki uongo. Alipoandika juu ya panya wa dukani kwake hakuna aliyesema neno. Jumatano iliyopita aliandika makala yenye kichwa "Nilipenda Kisima Kwanza", na tangu siku hiyo Newala nzima haina habari nyingine.

Aliandika hivi: "Kabla sijaupenda uso wake nililipenda bati lake, na chini ya bati nilikipenda kisima chake." Sina haja ya kumweleza mtu wa Newala maana ya kisima cha maji ya mvua kisichokauka mpaka mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kikali. Wanawake wengi wamewaza alichowaza Ethel. Yeye ndiye aliyekitia sahihi.

Sasa turudi kwenye ndoo.

"Baba Optatus, uliisoma yote?"

"Mara mbili. Watu walikuwa wananipigia simu kunisomea, nikaona afadhali niwatangulie."

"Basi uliona nilivyosema baadaye."

"Baadaye ulisema unaogopa kuolewa tena, kwa kuwa katika ujane wako umezoea kulala katikati ya kitanda, na katikati ya kitanda ni pazuri. Hilo nililiona. Na mchungaji ameliona. Ameniuliza kitanda changu kina upana gani."

Kikohozi kikasikika mlangoni. Alikuwa Zena, rafiki wa Ethel, ambaye hukaanga mihogo ukutani pa duka na ambaye masikio yake hayana ukuta. Alisimama pale na kijiko cha kugeuzia mihogo mkononi.

"Msinijali," Zena akasema. "Nimefuata chumvi."

"Sikuandika ili nikuaibishe," Ethel akamwambia Fortunatus. "Niliandika kwa sababu ni kweli."

"Kweli ni yako. Kisima ni changu."

Ethel akaanza kuzivuta sare za kwaya kutoka chini ya ndoo. 

"Tangu Jumatano," Fortunatus akaendelea, "kina mama wanakuja na ndoo. 'Tumesoma kwa dada Ethel kwamba ya kwako hayakauki.' Leo asubuhi wamekuja watu kutoka Makote. Makote, Mama Oliva. Wamefunga madumu kwenye baiskeli."

"Na wewe umewapa?"

"Ningesemaje? Umeandika kwamba mimi ni mtu asiyejua kunyima."

Zena akacheka, akaomba radhi, akacheka tena.

Fortunatus akafunika ndoo. Alipofika mlangoni akageuka.

"Huyo mhariri wako pale Masasi, ofisi yake iko upande gani?"

"Juu ya duka la vipuri vya pikipiki, karibu na stendi. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Pikipiki ikawaka. Kwenda Mnyambe ilipaswa ikate upande mmoja. Ikakata upande wa pili, ikashika njia ya Masasi.

"Shoga," Zena akasema, "anakwenda kumpiga mhariri."

"Fortunatus hajawahi kumpiga hata mbuzi."

"Mbuzi hawajawahi kumwandika."

Jioni ile, mhariri akiwa bado hajapatikana kwenye simu, mlango wa duka ukajaa. Alikuwa Cecilia, yaani Mama Eliakimu, dada mkubwa wa Fortunatus. Ethel akamvutia kiti. Cecilia akakitazama kiti kama mtu anayetazama chakula kilicholala, akabaki amesimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jumamosi, Mnyambe, nyumbani kwa Fortunatus. Mjomba Nikolao ameita kikao. Njoo na mtu wa kukusemea, kama yupo ambaye bado hujamwandika."

"Kikao cha nini, dada?"

"Cha kisima." Akalitoa gazeti kwenye mkunjo wa kanga, akalipiga kofi. "Katekista anasubiri neno la Mjomba kabla ya Jumapili. Mjomba akisema tangazo la pili lisisomwe, halisomwi. Na lisiposomwa, wewe na katikati ya kitanda chako mtaishi kwa raha."

Kwa Wamakonde baba hula harusi, lakini mjomba ndiye anayeiruhusu. Ethel alilijua hilo.

Cecilia akaiona ndoo mezani. Akaufunua mfuniko, akachungulia.

"Naona maji mmeshaanza kuyahamisha," akasema, akaondoka.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika, Ethel alijiuliza kwa nini hakubaki kwenye panya.

Zena akamuuliza waziwazi, akiwa amekalia kile kiti kilichokataliwa. "Shoga, unamtaka huyu bwana au unataka maji? Sema, mimi siandiki."

"Namtaka yeye."

"Kwa nini hukuandika hilo?"

"Kwa sababu siku ile nilikuwa bado sijalijua. Nimelijua leo alipoweka ndoo mezani."

Zena akatikisa kichwa. "Umechagua siku nzuri."

Simu ya mhariri ikaita mwishowe. Mhariri huyo anaitwa Hamudi, na sauti yake ilikuwa na furaha isiyo ya mtu aliyepigwa.

"Hamudi, alikuja mtu hapo?"

"Alikuja. Tumeongea vizuri sana. Ameniletea korosho, zimebanguliwa, nyeupe kabisa."

"Alitaka nini?"

"Dada Ethel, mhariri mwema hatoi siri za watu."

"Tangu lini?"

Hamudi akacheka, akasema mtandao unasumbua, akakata.

Jumamosi ikafika. Ethel alikwenda na Zena, kwa kuwa ndugu zake wa Lupaso walisema wamebanwa na korosho. Mmoja alikiri anaogopa kuandikwa.

Kikao kilikuwa barazani kwa Fortunatus, wazee kwenye viti, kina mama kwenye mikeka. Chakula kilikuwa kimeshapikwa na kufunikwa kwa kawa, na harufu ya kuku ilikuwa inazunguka kama mjumbe. Hatua chache kutoka barazani kilikuwa kisima chenyewe, na kando yake foleni ya wanawake wa Makote na ndoo zao. Walikuwa wanateka maji polepole sana, ili wasikose neno.

Mjomba Nikolao akavaa miwani. Akalifungua gazeti. Akaisoma makala yote, kwa sauti, tangu kichwa cha habari hadi jina la mwandishi.

Maneno uliyoyaandika peke yako, cherehani ikiwa imenyamaza, ni kitu kimoja. Ukiyasikia kwa kinywa cha mjomba wa mchumba wako, mbele ya kuku aliyefunikwa, ni kitu kingine. Ethel alitamani mkeka umkunje. Mzee akifika mahali penye koma alipumzika, akamtazama juu ya miwani, akaendelea.

"Hapa umeandika," Mjomba akasema, akiweka kidole kwenye mstari, "kwamba ndugu yetu anakoroma."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ndoa haijafungwa. Umejuaje?"

Pale kisimani ndoo zote zikasimama. Cecilia akafumba macho kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Kanisani, Mjomba. Siku ya mahubiri marefu. Nilikaa benchi la nyuma yake."

Mjomba akafikiri.

"Ni kweli," akasema. "Siku hiyo hata mimi aliniamsha."

Watu wakacheka kwa kujizuia. Mjomba akavua miwani, akaifuta, akamuuliza Ethel jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Bibi yako mzaa mama, pale Lupaso, alikuwa wa ukoo gani?"

Ethel akautaja.

Uso wa mzee ukafunguka. Akapiga goti lake kwa kiganja.

"Mbona hamkuniambia? Hao ni watani zetu. Wanatuzika, tunawazika. Babu yangu alipofariki, watani hawa walilala kaburini, wakagoma kutoka mpaka wakapewa jogoo. Na tukawapa, huku tunalia na tunacheka." Akalikunja gazeti. "Mtani hatukani. Mtani akikuambia una kichwa kama kibuyu, unamshukuru. Basi hapa hakuna kesi. Binti, wewe sema tu mbele ya watu kwamba ulikuwa unatania, mimi nimwambie katekista asome tangazo, na sisi tule."

Baraza zima likashusha pumzi. Hata Cecilia, ambaye hakupenda lakini alikuwa na njaa, alisogeza mkono kwenye kawa.

Zena akamfinya Ethel kiuno. "Sema, shoga. Neno moja, tunarudi na ndoa yetu."

Msomaji, mimi ningesema. Nawe ungesema, usinidanganye. Mlango ulikuwa wazi, na ulikuwa umefunguliwa kwa heshima.

Ethel akasimama.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Ulishaniamkia."

"Nakuamkia tena kwa sababu ninalosema si jepesi. Kama ningekuwa natania, ningetania vizuri zaidi ya pale. Sikutania. Nilipenda kisima kwanza. Kuogopa nilikuwa naogopa, na sasa hivi naogopa zaidi."

"Mama yangu," Zena akanong'ona.

"Nikisema leo kwamba nilitania, nitaolewa. Lakini siku nitakapoandika kwamba nampenda Baba Optatus, mtajuaje kwamba sitanii?"

Kamba ya ndoo iliyokuwa inashuka kisimani ikabaki inaning'inia. Cecilia akauondoa mkono kwenye kawa.

Mjomba akamgeukia Fortunatus, ambaye tangu kikao kianze alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Baba, kisima ni chako. Umesikia. Unasemaje?"

Fortunatus hakusimama. Alizungumza na Ethel peke yake, kana kwamba watu wengine walikuwa miti.

"Kisima kile tulichimba na marehemu mama Optatus. Mimi nilikuwa chini nachimba, yeye juu anavuta udongo kwa ndoo. Tukasakafia, tukafunika, tukangoja mvua. Mvua ilipokuja alikuwa ameshafariki. Hakuwahi kunywa maji yake."

Kina mama wa Makote wakaweka ndoo chini.

"Kuwapa watu maji si tatizo. Yeye angewapa. Na kwamba ulikipenda kwanza si tatizo, kisima ni kizuri, mimi mwenyewe nakipenda. Lakini hukuniuliza kilichimbwa na nani. Ungeniuliza ningekuambia, ukaandika na hilo. Na hofu yako, watu wa Masasi wameijua siku moja na mimi. Mimi nilitaka niwatangulie. Hata kwa siku moja tu."

Ethel amezoea kuandika mambo magumu. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, na hapakuwa na karatasi ya kujifichia.

"Sikuuliza," akasema. "Maneno yangu yalikuwa ya kweli, lakini niliyapeleka kwanza kwa majirani, nikamwacha mwenye nyumba anasikilizia dirishani. Hapo nimekosa, Baba Optatus. Makala siifuti. Kutokuuliza ndiko ninakojutia."

Kisha akakaa. Mjomba akakohoa, akatazama kawa, akatazama jua.

"Mimi nimeshindwa kuamua nikiwa na njaa," akasema. "Tunawe."

Hapa naomba uwe makini, msomaji. Anayenawishwa ndiye anayekula, na anayekula ndiye wa nyumbani. Cecilia alichukua jagi na beseni. Akapiga magoti kwa Mjomba, akamnawisha. Akawanawisha wazee. Akarudi kwenye mikeka, akawanawisha shangazi, akamnawisha hata Zena, ambaye alikuja kama shahidi tu.

Alipofika kwa Ethel akapita. Akaliweka jagi mezani, akajifuta mikono kwa kanga.

Ethel akabaki na mikono mitupu mapajani. Zena, vidole vikimchuruzika maji, alikuwa mwekundu kwa hasira, naye si mtu mweupe.

Fortunatus akainuka. Akachukua jagi. Akachukua beseni.

"Fortunatus," Cecilia akasema, "katika nyumba hii mwanaume hanawishi watu nikiwa hai."

"Basi funga macho kidogo, dada."

Akachuchumaa mbele ya Ethel, mtu mzima yule, magoti yakalia kama mlango. Akaweka beseni chini ya mikono yake, akaanza kumimina. Maji yalikuwa ya baridi. Ethel akayaacha yapite, na machozi aliyoyazuia mbele ya kikao yakaanza kumtoka kwa sababu ya maji tu.

"Nilikwenda Masasi," Fortunatus akasema kwa sauti ya chini.

"Najua. Ulimpelekea Hamudi korosho."

"Nilimpelekea na karatasi."

Mikono ya Ethel ikasimama.

"Karatasi gani?"

"Na mimi najua kuandika, Mama Oliva. Inatoka Jumatano. Amesema wewe upumzike wiki ijayo, atanipa ukurasa wako."

"Umeandika nini?"

"Kweli tupu."

"Kuhusu nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo, Fortunatus akatabasamu. "Nawa," akasema.

Ethel akahisi baridi ya maji ikipanda mpaka mabegani. Akakumbuka siku aliyomwonyesha Fortunatus nywele zake zenye mvi kabla ya kupaka rangi. Akakumbuka aliyomnong'oneza juu ya mchungaji. Akakumbuka wimbo aliouimba peke yake dukani, akadhani hakuna mtu, kumbe Fortunatus alikuwa mlangoni.

"Baba Optatus, jambo kama hilo ungeniambia kwanza."

"Si ndiyo nakuambia? Leo ni Jumamosi. Nimekutangulizia siku nyingi kuliko nilizokuomba."

Walidhani wananong'ona. Baraza zima lilikuwa limesikia, na foleni ya Makote nayo.

"Jumatano?" Mjomba Nikolao akauliza, mikono yake ikidondosha maji, miwani akiwa ameshaivaa tena. "Basi katekista atangoja. Siwezi kuruhusu tangazo la pili kabla sijasoma."

Fortunatus aliendelea kumimina, akimtazama Ethel. Beseni likajaa. Maji yakapanda ukingoni, yakamwagika mkekani, maji ya mwezi wa kumi, maji ya kisima kile.

Cecilia ndiye mlinzi wa kila tone katika nyumba ile. Alikuwa amefungua kinywa aseme basi. Akakifunga. Naye pia alikuwa amekumbuka, taratibu, jambo moja baada ya jingine, yote ambayo mdogo wake anayajua juu yake.